Kabla ya Kubishana na Fundi, Hesabu Mabati

Mwenye nyumba na fundi wakikaa kukubaliana bei ya ukarabati, iwe Kibera au Kawangware hapa Nairobi, mazungumzo huenda kwa mwendo wa aina mbili. Kwenye vifaa wanapita mbio. Fundi anataja mabati, mbao, misumari, simiti, na mwenye nyumba anaitikia. Wakifika kwenye leba wanasimama. Fundi anataka elfu kumi na tano, mama mwenye nyumba anasema kumi. Wanapandishana na kushushana nusu saa nzima, mwisho wanapeana mkono kwa kumi na mbili. Mama anarudi kwake akijua ameokoa elfu tatu.

Nasema wamebishana mahali pasipo na pesa. Leba ndiyo tarakimu pekee kwenye karatasi ambayo kila mtu anaielewa, kwa hiyo ndiyo inayopigwa. Pesa nyingi ziko juu yake, kwenye mistari iliyopitwa mbio, na nyingine haziko kwenye karatasi kabisa. Tena kuna ubaya zaidi: ukiibana leba kupita kiasi, hizo pesa ulizozikata hazipotei. Zinahamia kwenye mistari usiyoisoma.

Tuchukue karatasi ya aina ninayoletewa mara kwa mara, imechanwa kwenye daftari la shule. Kazi ni chumba cha futi kumi kwa kumi, Gatwekera, ndani ya Kibera, kimesimama peke yake. Kuta za udongo zimechoka, mwenye nyumba anataka kuziondoa na kuweka mabati, abadilishe paa, amwage sakafu. Fundi ameandika: mabati ya mita tatu, 30. Mbao futi 320. Misumari. Simiti mifuko 4. Mchanga na kokoto. Leba 15,000. Halafu amepiga mstari na kuweka jumla moja chini yake.

Anza na mabati. Futi kumi ni mita tatu na sentimita tano hivi. Bati moja, likishapandana na mwenzake, hufunika sentimita 75 hadi 80. Kwa hiyo ukuta mmoja unakula mabati manne, kuta nne kumi na sita, na ukitoa nafasi ya mlango unabaki na kumi na tano. Ukuta hauhitaji bati la mita tatu. Mita mbili na nusu zinatosha upande wa juu, na upande wa chini wa mteremko bati hilo hukatwa kidogo. Paa likitoka nje futi moja kila upande linakuwa futi kumi na mbili kwa kumi na mbili. Hapo unahitaji safu tano, na kila safu ni mabati mawili ya mita mbili yaliyopandana. Jumla ni mabati 15 ya mita mbili na nusu na 10 ya mita mbili, yaani mita 57 na nusu. Karatasi ilisema mabati 30 ya mita tatu: mita 90.

Tofauti ni mita 32 na nusu. Tuseme mita moja ni shilingi 350 (weka bei ya hadiwea yako ya leo). Hizo ni shilingi 11,375, karibu mara nne ya zile elfu tatu ambazo mama alizipigania nusu saa. Ukiongeza mabati mawili ya akiba kwa ajili ya makosa ya kukata, bado unabaki na pesa za kutosha kununua mlango mzuri.

Sisemi fundi ni mwizi. Mara nyingi ameandika urefu mmoja kwa sababu ndio alioona dukani mara ya mwisho, na ameongeza idadi kwa sababu anajua akipungukiwa katikati ya kazi, mama atamlaumu yeye na siku itapotea. Akiba hiyo ni ya kujikinga. Lakini ni kinga yake, inayolipwa na wewe, na vipande vinavyobaki kwa kawaida havitajwi na mtu. Mimi husisitiza viandikwe: vipande na mabati ya zamani ni vya nani? Bati kuukuu lenye matundu machache lina soko. Kama fundi ataondoka nayo, hiyo ni sehemu ya malipo yake na leba ishuke kwa kiasi hicho. Kama yanabaki, yahesabiwe mbele ya wote wawili siku yanaposhushwa.

Kwenye safu ya vyumba kosa huwa kubwa zaidi. Vyumba sita vilivyopangwa mstari mmoja vina kuta saba za kukata, kwa kuwa ukuta wa kati hutumiwa na vyumba viwili. Fundi akizidisha hesabu ya chumba kimoja mara sita, anapata kuta kumi na mbili. Kuta tano zimehesabiwa mara mbili: mabati ishirini, mita hamsini, shilingi 17,500 kwa bei yetu ya mfano. Nimeona hesabu ya namna hii ikipita kwa watu waliosoma sana, kwa sababu waliangalia jumla tu.

Tukirudi kwenye karatasi ya Gatwekera, mbao zake ziko sawa. Nguzo nane za futi tisa au kumi, fito tatu za kulala kila ukuta, pau nne, mbao za kupigilia mabati juu, fremu ya mlango na dirisha: unafika futi 320 bila kulazimisha. Fundi huyu anajua kazi ya mbao.

Sakafu ndipo palipo na somo la bei ya chini. Mwenye nyumba aliita fundi wa pili, naye akasema mifuko mitatu ya simiti inatosha. Nani mkweli? Chumba cha futi kumi kwa kumi kina mita za mraba tisa na kitu. Sakafu ya unene wa inchi nne inahitaji zege kiasi cha mita za ujazo 0.93. Kwa mchanganyiko wa moja kwa tatu kwa sita, yaani simiti moja, mchanga mara tatu, kokoto mara sita, mita moja ya ujazo hula mifuko minne na nusu hivi. Minne basi inatosha chumba hiki. Ukitaka zege zito zaidi, la moja kwa mbili kwa nne, ni mifuko sita. Fundi wa mifuko mitatu ama anamwaga sakafu isiyofika inchi tatu, ama anamwaga inchi nne za mchanga wenye rangi ya simiti. Watu watasema ni wa bei nafuu, lakini anachouza ni sakafu nyingine kabisa. Itachimbika karibu na mlango kabla ya mwaka, na unga wake mtaufagia kila asubuhi.

Kuisimamia si kazi ngumu. Mfuko wa simiti wa kilo 50 una ujazo wa nusu wilbaro na ziada kidogo. Kwa kila mfuko, wilbaro moja na nusu hivi za mchanga na tatu za kokoto. Simama pale zege linapochanganywa, hesabu wilbaro. Ikifika ya tano ya kokoto kwenye mfuko mmoja, uliza. Na baada ya kumwagwa, sakafu inataka kulowanishwa kwa siku saba. Maji hayo nani analipa? Kila mfuko wa simiti unakunywa lita 25 hadi 30 wakati wa kuchanganya, kwa hiyo kazi hii ndogo imeshakula mitungi sita ya lita ishirini kabla hujaanza kulowanisha. Mahali maji yanaponunuliwa kwa mtungi, gharama hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayofanya sakafu nyingi ziachwe zikauke zenyewe na kupasuka.

Mzigo ni hadithi ndefu zaidi. Ndani ya Kibera, lori halishuki Lindi wala Kisumu Ndogo. Linamwaga barabarani, na kutoka hapo ni mkokoteni, wilbaro, au mabega. Chumba chetu kimoja kinahitaji wilbaro sita au saba za mchanga na kumi na mbili au kumi na tatu za kokoto. Hizo ni safari karibu ishirini kwenye njia ya mtu mmoja yenye mtaro katikati, ukiacha simiti, mabati na mbao. Anayejenga nje ya mtaa ananunua mchanga kwa tani. Wewe unanunua kwa wilbaro, kwa bei ya juu, kisha unalipa tena kuusafirisha. Kwenye karatasi nyingi mstari huu haupo. Siku ya kazi fundi anasema, "Mama, vijana wa kubeba wanataka pesa yao," na mama anatoa, kwa sababu mchanga uko barabarani na mvua inakuja. Mstari wa ubebaji uandikwe mapema, na uandikwe kuanzia wapi hadi wapi: "kutoka barabarani hadi mlangoni."

Sasa turudi kwenye zile elfu kumi na tano. Kazi hii ni ya siku tano kwa fundi mmoja na kibarua mmoja. Tuseme fundi analipwa 1,500 kwa siku na kibarua 700. Siku tano ni 11,000. Zinabaki elfu nne. Ndani ya hizo mna msumeno unaochakaa, nauli, siku moja ya kusubiri mbao zisizofika, nusu siku ya mvua, na siku atakayorudi kuziba tundu linalovuja bila kulipwa. Pia mna jambo ambalo fundi hataliandika kamwe, yaani uwezekano wa wewe kutomlipa salio. Mafundi wengi wa mitaa hii wana salio la mtu fulani ambalo halikulipwa, na wateja wanaokuja baadaye ndio wanaolifidia bila kujua.

Kwa bei hizo, 15,000 si ulafi. Kwa 12,000 bado anaweza kupumua akiwa na bahati. Ukimshusha hadi 9,000, umemlipa chini ya gharama ya siku zake. Bado atakubali, kwa sababu kesho hana kazi. Kisha atafanya hesabu yake kichwani. Atakuja bila kibarua na kazi ya siku tano itakuwa ya tisa. Au atashika kazi nyingine Kilimani na kuja kwako jioni. Au atakupeleka kwenye hadiwea anayoijua, na duka litamwekea kitu chake kwa kila mfuko na kila bati ulilonunua.

Hii komisheni ya hadiwea inajulikana na kila mtu, na watu huizungumzia kana kwamba ni tabia mbaya ya mafundi. Mimi naiona kama leba iliyofukuzwa mlangoni ikaingia kwa dirisha. Dawa yake ni mbili, na zinakwenda pamoja: mlipe fundi leba inayotosha, kisha ununue vifaa mwenyewe kwa orodha yenye idadi, urefu na geji. Soma geji iliyochapwa kwenye bati lenyewe pamoja na alama ya KEBS, shirika la viwango, usitegemee neno la muuzaji, kwa sababu kati ya geji 30 na geji 32 jicho linadanganyika kirahisi na bati la geji 32 ni jembamba zaidi. Ukifanya la pili bila la kwanza, fundi wako ataona umemziba kila mahali, na utapata kazi ya mtu aliyezibwa kila mahali.

Watu huuliza kama ni bora kulipa kwa siku au kwa kazi nzima. Jibu linategemea kama kazi inapimika. Kuweka mabati, kumwaga sakafu, kujenga ukuta, kupiga plasta: hizi zinapimika, basi patana kwa kazi nzima, kwa mita au kwa futi. Lakini kubomoa ukuta wa udongo bila kujua nguzo zilizomo zimeliwa kiasi gani na mchwa, kufukua mtaro uliozibika, kutafuta mahali paa linapovuja, hizi hazipimiki. Fundi akikupa bei moja kwa kazi asiyoiona, ataweka hofu yake yote ndani ya bei hiyo, au ataweka bei ndogo na kuja kuomba nyongeza ukiwa tayari huna ukuta. Kwa kazi za namna hiyo lipa kwa siku, uwepo, na uweke kikomo cha siku.

Jambo jingine linalofanya idadi iwe na nguvu kuliko jumla ni kwamba bei za vifaa hazitulii. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, mbao zilipanda na nyingi zikaanza kuletwa kutoka Tanzania na Uganda. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaleta ushuru wa asilimia 17.5 kwa klinka inayoagizwa kutoka nje, malighafi ya simiti, na kwa baadhi ya chuma. Karatasi yenye jumla peke yake huoza ndani ya mwezi. Fundi akija na jumla mpya hujui ni bei ya simiti iliyopanda au ni hamu yake. Karatasi yenye idadi haiozi: mifuko minne ni mifuko minne, nenda dukani uulize bei ya leo, zidisha.

Yote haya yanahusu bei ya kazi. Kibera kuna swali lililo mbele ya bei: unatia pesa kwenye nini, juu ya ardhi ya nani? Sehemu kubwa ya mtaa iko juu ya ardhi ya umma. Jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288 mwaka 2017, baada ya kuishi hapo tangu mwanzo wa karne ya 20. Wengine wengi wana nyumba bila hati. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakapoteza makao, shule na makanisa. Soweto Mashariki pia vibanda viliondolewa ili kupisha majengo ya mpango wa serikali wa kuboresha mitaa.

Mkadiriaji asiyelitia hili kwenye hesabu anamdanganya mteja. Kwenye chumba chetu, mabati na mbao vinaweza kushushwa, kubebwa na kujengewa mahali pengine, au kuuzwa. Mlango na dirisha pia. Zege na plasta vinabaki chini ya tingatinga. Kazi nzima, pamoja na mlango, ubebaji na leba, itafika kama elfu sitini na tano kwa bei zetu za mfano. Kama chumba kinapangishwa kwa elfu tatu, hiyo ni kodi ya karibu miezi 22 kabla hujaona faida. Kwa ardhi ya wasiwasi, ningependelea pesa nyingi ziende kwenye geji nzuri ya bati na mbao iliyotiwa dawa ya mchwa. Ningenunua mabati ya urefu kamili badala ya kukatakata, kwa kuwa bati zima huuzika na kipande hakiuziki. Sakafu ningeifanya ya kutosha, si ya kifahari. Na kwa kuwa wengi hutoa taarifa ya ukarabati kwa ofisi ya chifu kabla ya kuanza, siku za kusubiri ziwe kwenye mpango, vibarua wasiitwe kabla jibu halijapatikana.

Wakazi wengi mno wa Kibera ni wapangaji, si wenye nyumba, na wao pia hukarabati: wanaziba paa, wanaweka sakafu, wanabadilisha mlango uliovunjwa. Kwa mpangaji shauri langu ni moja. Usinunue hata msumari kabla mwenye nyumba au msimamizi wake hajakubali kwa ujumbe wa simu kwamba gharama itakatwa kwenye kodi, ni kiasi gani, na kwa miezi mingapi. Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Nyumba, Sura ya 296, inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na baraza lake husikiliza pia malalamiko ya ukarabati. Kiwango hicho ni cha zamani na kodi nyingi zimekipita, lakini vyumba vilivyo chini yake bado vipo.

Kawangware mambo hubadilika. Huko Gatina, Kabiro na Congo, ploti nyingi zina mwenyewe na karatasi zake, na ukarabati mara nyingi maana yake ni kuondoa mabati na kuinua mawe. Basi jifunze kuhesabu mawe. Mawe ya Ndarugo ya kukatwa kwa mashine huuzwa kwa futi, na kimo cha inchi tisa ndicho cha kawaida. Ukuta wa kimo cha futi tisa ni inchi 108, sawa na mistari kumi na miwili ya mawe. Ukuta wenye urefu wa futi kumi basi unakula futi 120 za mawe, pungufu kidogo kwa sababu ya simiti inayokaa kati ya mistari, na zaidi kidogo kwa yanayovunjika njiani. Kuta nne ni kama futi 480, toa mlango na dirisha. Mtu akikuambia futi 650 kwa chumba hicho, mwombe akuonyeshe yanakwenda wapi. Mafundi wengi wa mawe hupatana leba kwa futi pia, na hiyo ni njia nzuri kwa pande zote mbili, kwa sababu jioni mnapima kwa tepu na hamna cha kubishania.

Kinachonitisha Kawangware ni neno "kuongeza". Mwenye ploti ana vyumba vya mawe vya chini, anataka ghorofa moja juu, na fundi anampa bei ya slebu na kuta kana kwamba msingi hauna maoni. Huo si ukarabati. Msingi uliochimbwa kubeba paa la mabati haukuchimbwa kubeba zege. Bei yoyote ya kazi hiyo isiyo na mstari wa mhandisi, wa idhini ya ujenzi ya Kaunti ya Nairobi chini ya sheria ya mipango ya 2019, na wa mkandarasi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iweke kando hata kama ni nusu ya nyingine. Mwishoni mwa Aprili 2016 jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, kando ya mto, usiku wa mvua. Zaidi ya watu hamsini walikufa. Walikuwa wapangaji, watu ambao hawakuwahi kuiona karatasi ya bei ya jengo hilo.

Umeme nao uwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na jina lake na namba ya leseni viandikwe. Sina zaidi la kusema hapo.

Mtu wa Kawangware aliyezoea bei za mtaani hushtuka akisikia fundi jirani yake anatoza mara tatu akivuka kwenda mtaa wa matajiri wa Lavington. Sehemu ya tofauti hiyo ni kumpima mteja kwa gari lake, sitakataa. Lakini sehemu nyingine ni halali. Huko fundi anasubiri getini, anabeba taka zote kuziondoa, anafanya kazi kwa saa zilizowekwa, na vigae vikipinda kwa milimita mbili anavunja na kurudia. Kampuni iliyosajiliwa inaongeza gharama za ofisi, bima ya wafanyakazi ambayo sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe nayo, na VAT ya asilimia 16 ikiwa mapato yake ya mwaka yamefika milioni tano. Ukilinganisha kampuni na fundi wa mtaani, uliza kwanza kama bei ya kampuni ina VAT au haina, kisha muulize fundi: kibarua akianguka kutoka paani, nani atampeleka hospitali? Kama hajui, jibu ni wewe.

Ushauri wa kutafuta bei tatu umeenea sana, na bila maandalizi hausaidii kitu. Ukiita mafundi watatu na kuwaeleza kwa mdomo, kila mmoja atasikia kazi tofauti: wa kwanza atasikia geji 30, wa pili 32, wa tatu atasahau dirisha. Kisha utamchagua aliyesahau. Andika wewe kwanza nusu ukurasa wa kazi unayotaka, yenye vipimo, unene wa sakafu, geji, aina ya mbao, nani anabeba, nani analeta maji, vipande ni vya nani. Wape wote watatu nusu ukurasa huo huo. Atakayekuuliza maswali juu yake, hasa akikurekebisha, mwangalie vizuri. Huyo ameisoma kazi.

Malipo nayo yafuate kazi. Fundi anahitaji kitu mkononi kuanza, na si kosa kumpa nauli na chakula cha siku za kwanza. Pesa ya vifaa isipite mkononi mwake, ilipwe moja kwa moja kwenye namba ya duka kwa M-Pesa, ujumbe ubaki kwenye simu yako. Leba igawanywe: fremu ikisimama, mabati yakiisha kupigiliwa, sakafu ikimwagwa. Salio la mwisho kwenye kazi ya paa lishikiliwe mpaka mvua ya kwanza inyeshe na chumba kikaguliwe, na kiasi hicho kiandikwe tangu mwanzo ili fundi asione unamtafutia sababu. Ukikarabati Februari, mvua za Machi zitakupa jibu haraka. Ukianza katikati ya Desemba, fundi atakuwa ameenda ushago kabla hujamwaga sakafu.

Na mkikosana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, wakili si lazima, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Haifungwi na kanuni zote kali za ushahidi, kwa hiyo karatasi ya daftari yenye idadi na sahihi mbili, jumbe za M-Pesa na picha za ukuta vina uzito. Iko wazi kwa mama aliyekabidhiwa paa linalovuja, na vilevile kwa fundi aliyemaliza kazi akaambiwa aje mwisho wa mwezi, kisha mwisho wa mwezi mwingine.